Uzi: Maumivu ya hedhi yanayokulaza chini siyo "chango" la kawaida. Endometriosisi ilivyonichelewesha kupata mtoto

Habari zenu wana jukwaa, hasa dada zangu.

Huu uzi nimeuahirisha miaka, ila wiki iliyopita wamepiga simu kutoka shule anakosoma binti wa kaka yangu, yuko kidato cha tatu, akachukuliwe kwa sababu tumbo la hedhi limemzidi. Kaka kafika pale anamkuta mtoto kajikunja kwenye benchi nje ya ofisi, matroni anamwambia "ni chango hilo baba, akija kuzaa litaisha". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2003 nikiwa form two. Kaka alivyonisimulia nilikaa kimya kwenye simu kama dakika nzima. Ndo maana leo naandika, na nitaandika kwa urefu, mnisamehe.

Nianze na bweni. Siku ya kwanza ya hedhi nilikuwa silali kitandani, nalala chini kwenye sementi, maana kitanda changu kilikuwa cha juu na nilikuwa naogopa nikizimia nitadondoka. Nilikuwa najaza maji ya moto kwenye chupa ya soda ya plastiki naizungushia kanga naibana chini ya kitovu, mara nyingi maji yalikuwa ya moto kupita kiasi lakini kuungua kule kulikuwa nafuu kuliko kilichokuwa kinaendelea ndani, ngozi ikababuka na alama ninayo mpaka leo. Natapika, naharisha, jasho la baridi, na nikienda haja kubwa siku hizo ni kama mtu anapitisha kisu. Wenzangu waliniita mdekaji, kuna mwalimu aliwahi kuniambia wanawake wote wanaumwa, mbona wengine wako darasani.

Kuanzia hapo nimezunguka hospitali na zahanati sina hesabu. Jibu lilikuwa moja kati ya matatu, UTI, PID (maambukizi ya via vya uzazi), au "homoni zimevurugika". Nimemeza antibayotiki, doksi na flajili, mpaka tumbo likachoka, nimechomwa sindano za siku saba saba, naambiwa na mwenza wangu naye ameze, wakati huo hata mwenza sina. Utrasaundi nimepiga kama mara sita, "kila kitu kiko sawa mama, nenda nyumbani".

Nimeolewa 2014. Mwaka wa kwanza hakuna kitu, wa pili hakuna kitu. Mama mkwe, ambaye kiukweli ananipenda sana na simlaumu, akawa ananiletea mizizi kwenye chupa, "mwanangu kunywa, chango linakula mimba hilo". Nimekunywa. Tendo la ndoa lilikuwa linauma kule ndani kabisa na sikumwambia mtu, hata mume wangu, nilikuwa nang'ata meno basi, nikidhani ndivyo lilivyo kwa wote.

Mwaka 2018 ndo nikakutana na daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake, mama mtu mzima, hakukimbilia kuandika dawa. Akaniuliza maumivu yalianza umri gani. Yanakuja siku ngapi kabla ya damu. Tendo linauma mlangoni au ndani. Haja kubwa inauma ukiwa kwenye siku zako. Mama yako au dada zako walikuwa hivi? Miaka 15 naumwa na hakuna aliyewahi kuniuliza hayo maswali matano kwa pamoja. Nikaanza kulia pale pale kwenye kiti. Akanipiga utrasaundi ya kuingiza ukeni, siyo ile ya juu ya tumbo, akaona kwenye ovari (mfuko wa mayai) ya kushoto uvimbe wa sentimita 5, akasema huu unaitwa uvimbe wa chokoleti. Mwanzoni mwa 2019 nikafanyiwa upasuaji wa matundu, laparoskopi, na baadaye akanionyesha picha. Ule uvimbe ukitobolewa kinachotoka ni kama oili chafu ya gari, nyeusi nzito, ni damu ya zamani iliyokaa mle miaka. Kizazi kilikuwa kimegandana na utumbo kwa nyuma. Hapo ndo nikaelewa kisu cha chooni kilikuwa kinatoka wapi.

Sasa hii endometriosisi ni kitu gani, wengi tunaiita endo tu. Ndani ya mji wa mimba kuna utando unaojengeka kila mwezi, mimba isipoingia unabomoka unatoka kama hedhi. Endo ni tishu inayofanana na ule utando ila imeota nje ya kizazi, kwenye ovari, kwenye mirija, nyuma ya kizazi, kwenye utumbo, kibofu, na kwa wachache sana hadi kifuani kwenye mapafu. Homoni za mwezi zikija na yenyewe inaitikia, inavimba, inavuja damu, ila haina mlango wa kutokea. Mwili unaiona kama kidonda kisichopona, unapigana nacho, matokeo yake panavimba panauma na makovu yanajitengeneza yanayogandisha viungo kama gundi.

Inatokana na nini? Daktari mmoja wa Marekani anaitwa Sampson, miaka ya 1920, alisema damu ya hedhi inarudi nyuma kupitia mirija inamwagika tumboni na kuotesha hizo mbegu. Shida ya hiyo hoja ni kwamba damu kurudi nyuma inawatokea wanawake wengi sana na wengi wao hawaumwi, kwa hiyo kuna mambo mengine, kinga ya mwili na urithi. Urithi hapa usiuchukulie poa. Mama yako au dada yako wa tumbo moja akiwa nayo, wewe uko kwenye hatari kubwa kuliko mwingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria ni kama mwanamke 1 kati ya 10 walio kwenye umri wa kuzaa, karibu milioni 190 dunia nzima. Chukua darasa la wasichana 40, piga hesabu mwenyewe.

Kuhusu uzazi, ambako ndo roho za wengi zipo. Inakadiriwa kati ya wenye endo 10, watatu mpaka watano wanapata shida kushika mimba. Naomba usome upande wa pili wa hiyo hesabu pia, kwamba wengine wanashika wenyewe bila msaada. Kuambiwa una endo siyo kuambiwa wewe ni mgumba, nimeona watu wameachwa kwa hilo neno na inaniuma.

Inavyozuia ni njia nyingi kwa pamoja. Makovu yanavuta mirija inakunjamana au kugandana, yai likitoka mrija haulifikii. Uvimbe wa chokoleti unakaa ndani ya ovari unakula nafasi na kuharibu mayai ya jirani. Halafu hata ambaye mirija yake iko wazi kabisa, yale majimaji ya tumboni yana vurugu ya ile vita ya mwili, yai na mbegu za mwanaume zinakutana kwenye mazingira mabaya. Ongeza na hilo la tendo kuuma, mtu unakwepa zile siku zenyewe za yai, mimi nilikwepa sana.

Na kuna hili lililonishangaza, ukali wa maumivu haulingani na ukubwa wa ugonjwa. Madaktari wanaupanga hatua ya 1 mpaka ya 4. Unaweza kuwa hatua ya 1 unagaragara chini, mwingine wa hatua ya 4 haumwi kabisa, kagundua kwa sababu tu mtoto hapatikani.

Sasa nifike kwenye kosa lililonila muda, na ndo hasa nataka mlichukue. Baada ya upasuaji nilihamia mji mwingine kikazi, nikaenda hospitali nyingine, nikaanzishiwa sindano za kusimamisha hedhi, moja kila mwezi, miezi 6, halafu nikaongezewa vidonge vya mwaka mzima. Maumivu yakaisha, nikawa nashukuru Mungu najiambia mwili unaandaliwa kupokea mimba. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa zote za homoni za endo, ziwe vidonge vya majira, dienojesti, sindano au kitanzi chenye homoni, zinafanya kazi kwa kuzuia yai au kuusinyaza utando. Maana yake ukiwa unazitumia hutegemei mimba, na ukiziacha hazijakuongezea nafasi ya mimba hata kidogo. Mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Ulaya wa 2022 unasema wazi zisitolewe kwa lengo la kuongeza uwezo wa kushika mimba. Nilikuwa na miaka 31, natafuta mtoto, nikapoteza mwaka na nusu.

Kwa hiyo ukikaa mbele ya daktari sema mapema kabisa, "natafuta mtoto sasa hivi" au "kwa sasa nataka maumivu yaishe, mtoto baadaye". Ni barabara mbili tofauti. Usipochagua wewe, atakuchagulia yeye.

Kwangu mimi ilibidi tufanye IVF, yaani yai linarutubishwa maabara halafu linapandikizwa kwenye kizazi. Ya kwanza 2020 ilikataa. Ya pili 2022 ikashika, nina binti. Tuliuza kiwanja, sifichi. Maswali karibuni.

________

Binti_Kigamboni: Dada nimesoma mpaka mwisho natetemeka. Nina miaka 22, ni mimi kabisa, mpaka kulala chini. Nimepiga utrasaundi mwezi wa pili wakasema kawaida. Ina maana sina?

Mwanzisha uzi: Pole mdogo wangu. Utrasaundi ya kawaida haikutoi kwenye endo, vipande vidogo vidogo vilivyotapakaa tumboni havionekani kule, inayoonekana vizuri ni uvimbe wa chokoleti na ile iliyozama ndani sana, tena kama anayepiga anajua anatafuta nini. MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, inasaidia kwa baadhi. Zamani ilikuwa lazima upasuaji ndo wathibitishe, siku hizi daktari anaruhusiwa kuanza kukutibu kwa dalili zako bila kukupasua kwanza. Chukua daftari, kuanzia mwezi huu andika kila siku inayouma, inauma wapi, ulimeza nini, ulikosa chuo au hukukosa. Nenda nalo. Ukisema "tumbo linauma" utapewa dawa ya PID, ukiwawekea mezani miezi mitatu ya maandishi watakusikiliza tofauti.

Wanjiku_Nax: Salamu kutoka Nakuru. Huku kwetu hili neno endo wengi tulilijua kupitia Njambi Koikai, yule mtangazaji tuliyemwita Jahmby. Yake ilifika hadi kwa mapafu, yakawa yanasinyaa kila mara, akaenda kufanyiwa operesheni huko Atlanta. Tulimpoteza Juni 2024. Alikuwa anaongea bila kuona haya, siku alipokufa nililia kama ni dadangu wa damu. Mimi niliambiwa nizae ndio nipone. Nimezaa wawili, na bado nameza dawa kila mwezi.

Mwanzisha uzi: Pole dada, na Mungu amrehemu. Hilo la "zaa utapona" naomba tulizike. Ukiwa mjamzito hedhi imesimama kwa hiyo wengi wanapata nafuu, mimi nilipata, miezi tisa na kipindi cha kunyonyesha niliishi kama binadamu wengine. Mwanangu alivyofikisha mwaka na miezi mitatu hedhi ikarudi, na kisu kikarudi. Mimba siyo tiba, na ni vibaya kumwambia msichana wa miaka 16 kwamba dawa yake ni mimba, mnajua wengine wanachofanya na huo ushauri. Kwetu huku Tanzania aliyefungua mdomo mapema ni Millen Magese, Miss Tanzania wa 2001, amepasuliwa zaidi ya mara 10, akazunguka mashuleni kuongea na wasichana, na 2017 akatangaza kajifungua mtoto wa kiume. Ile habari niliisoma nikiwa kwenye daladala, nilishuka kituo siyo changu.

Mama Shani: Mwanangu nakuheshimu kwa ulichopitia lakini msidharau dawa zetu. Chango lipo, bibi zetu walitumia mizizi na walizaa kumi kumi.

Mwanzisha uzi: Shikamoo mama. Sidharau, nimezinywa kwa mikono ya mtu anayenipenda. Neno chango bibi zetu walilitumia kwa sababu waliona kitu cha kweli, mwanamke anaumwa tumbo kila mwezi na hapati mtoto, waliunganisha hayo mawili kabla ya wengi. Tatizo langu ni muda mama. Mayai yanapungua kila mwaka, na uvimbe kwenye ovari unayapunguza zaidi, sasa ukinywa mizizi miaka minne huku hakuna aliyechungulia ndani, hiyo miaka minne hairudi. Na hao waliozaa kumi tunawahesabu, wale waliorudishwa kwao kwa kukosa mtoto hakuna aliyewahesabu.

Mama Shani: Hilo la kurudishwa kwao umesema kweli. Shangazi yangu alirudishwa. Alikuwa anaumwa hivyo hivyo.

Fundi_Mbagala: Wakuu mimi ni mwanaume, naomba msinishambulie. Mke wangu ana miaka 33, ndoa mwaka wa pili, hakuna mtoto na tendo analikwepa, nikimgusa anakakamaa. Mimi moyoni nilishaamini kuna mtu mwingine. Nimesoma hapo alipoandika "nilikuwa nang'ata meno" nikatoka nje nikakaa. Naanzia wapi?

Mwanzisha uzi: Kaka asante kwa kuandika. Anzia kwake, usiku ukiwa umetulia muulize inamuuma wapi na tangu lini, umuulize bila hasira, na umsikilize mpaka amalize. Mume wangu alivyojua alilia, halafu akawa ndo mtu wa kunibebea mafaili. Pili, wewe mwenyewe kapime mbegu. Ni kipimo rahisi kuliko vyote vyake na hakiumi, na mkienda mmeshakifanya mtaokoa miezi. Utaratibu wa kawaida ni kwamba chini ya miaka 35 mnasubiri mwaka mmoja wa kujaribu ndo muende, juu ya 35 miezi sita, lakini akiwa na dalili kama hizi msisubiri huo muda, na ninyi mwaka umeshapita. Muulizieni kipimo cha mirija na AMH, hiki cha pili kinatoa picha ya akiba ya mayai.

Nesi_wa_zamu: Mimi nipo wodi ya wanawake, nikazie hapo kwenye AMH. Kama kuna uvimbe wa chokoleti na wanataka kuutoa, uliza akiba ya mayai KABLA, maana ukimenya uvimbe kwenye ovari unaondoka na mayai mazima. Kuupasua siyo lazima kwa kila mtu, na anayekwenda IVF mara nyingi hauguswi kama haumsumbui na mayai yanafikika. Wagonjwa wetu wengi wamepasuliwa mara mbili tatu ovari ile ile, wakija kutafuta mtoto hakuna kilichobaki. Mpasuaji awe mzoefu wa endo, afanye mara moja afanye vizuri. Na jamani kutoa kizazi peke yake hakumalizi endo iliyoota nje ya kizazi, nawaona wanarudi.

Binti_Kigamboni: Nesi sasa upasuaji unasaidia kupata mimba au hausaidii? Mnanichanganya.

Nesi_wa_zamu: Inategemea hatua. Kwa ile nyepesi, hatua ya 1 na 2, upo utafiti wa Kanada wa 1997, wanawake 341 waliokuwa hawapati mimba, nusu waliangaliwa tu kwa laparoskopi na nusu wakaondolewa vile vipande. Ndani ya wiki 36, walioondolewa walishika kama 31 kwa kila 100, walioangaliwa tu 18. Unasaidia lakini siyo muujiza. Kwa ile nzito wanaangalia umri, mirija, mbegu za mume na akiba ya mayai, wengine wanaambiwa wajaribu wenyewe baada ya upasuaji, wengine moja kwa moja IVF. Wewe una 22 na hutafuti mtoto, kwako kazi ni kutuliza maumivu na kulinda ovari.

Fundi_Mbagala: Mrejesho. Nimemuuliza jana. Ni tangu yuko darasa la saba. Tumeongea mpaka saa nane usiku. Alhamisi tunaenda, nimeomba ruhusa kazini.

Mwanzisha uzi: Kaka umenifurahisha mno. Andikeni maswali kabla ya kutoka nyumbani, mkiingia mle ndani yanapotea yote.

Na mimi nilete mrejesho wa binti yetu, maana wengi mmeuliza inboksi. Jumanne tulimpeleka, mimi na kaka. Daktari kamuuliza yale maswali, nikamwambia na historia yangu mimi shangazi yake. Hakumwandikia antibayotiki, nilishukuru. Kampa dawa ya maumivu aanze siku moja kabla ya hedhi, siyo kusubiri mpaka imkamate, na vidonge vya homoni vya miezi mitatu waone. Kaka alivyosikia vidonge vya uzazi wa mpango kwa mtoto wa shule alikunja uso, akasema "hivi matroni akivikuta kwenye tranka nitamwambia nini". Hofu yake ninaielewa. Daktari akamwandikia barua ya shule yenye muhuri, imetaja dawa kwa jina na inasema mwanafunzi akiwa na maumivu aruhusiwe kupumzika na kumeza dawa. Kaka kaitoa kopi tatu, moja ya mkuu wa shule, moja ya matroni, moja ya mtoto mwenyewe akae nayo.

Nimemnunulia daftari dogo la jalada la kijani. Kaanza kuandika jana. Mtihani wa muhula unaanza tarehe 9 na tukihesabu siku zake zinaangukia tarehe 11, kwa hiyo dawa anaanza tarehe 10 jioni, nimeshaweka alamu kwenye simu nimpigie matroni siku hiyo saa kumi na mbili.